Uzoefu wangu: sehemu ya pili inapokuja na mamilioni zaidi

Nimelipia sehemu za pili za sinema katika kumbi za Nairobi kwa muda wa kutosha kujua zinavunjikia wapi. Mara chache tatizo huwa waigizaji, na mara chache zaidi huwa picha. Kinachoziua ni pesa kuondoa kile kizuizi kilichoibana sehemu ya kwanza hadi ikawa nzuri, halafu asipatikane mtu wa kutafuta kizuizi kingine. Kizuizi ninachosema ni jambo ambalo shujaa hawezi kulifanya, au ambalo mwongozaji mwenyewe hakuweza.

Jaws ya 1975, ile ya papa mla watu, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Papa wa mitambo aliharibika kila mara ndani ya maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji Steven Spielberg amfiche. Kwa zaidi ya saa nzima tunachopewa ni maji, pezi na muziki wa John Williams, na hofu yote inatoka hapo. Sehemu ya pili ya 1978 inamwonyesha papa zaidi. Ukishamtazama vizuri, unaona mashine.

Speed ya 1994 ni basi lenye bomu: mwendo ukishuka chini ya maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, linalipuka. Aliyewahi kupanda matatu ya Thika Road hahitaji maelezo. Msongamano, kona, mtu anayevuka barabara, kila kitu cha kawaida kinageuka hatari. Iligharimu takriban dola milioni 30. Sehemu ya pili ya 1997 ilipewa zaidi ya milioni 100 na kuhamishiwa kwenye meli ya watalii, na Keanu Reeves, shujaa wa ya kwanza, akakataa kurudi. Sasa bahari ni pana. Haina foleni, haina taa za barabarani, wala mwendo ambao ukipungua watu wanakufa. Lile sharti la kilomita 80 lilibaki nchi kavu. Mwishoni meli inauparamia mji, na unaona kabisa kwamba hapo zilimwagwa pesa, lakini moyo haudundi.

Ukitaka kuona kazi ikifanywa sawasawa, rudi kwa Terminator. Ya 1984 iligharimu zaidi kidogo ya dola milioni 6, ya 1991 ikafika takriban milioni 100. Kwa ongezeko hilo ungetarajia maji yazidi unga. Mwongozaji James Cameron alimgeuza muuaji wa sehemu ya kwanza kuwa mlinzi, kisha mtoto anayelindwa akamkataza kuua. Mashine iliyoundwa kuua sasa inalenga miguu. Adui mpya, T-1000, naye akapewa mwili wa chuma kinachotiririka, lakini mwili wenye kanuni zake. Tazama lile onyesho la hospitali, T-1000 anapopenya lango la nondo. Uso unagawanyika, unazizunguka nondo, unaungana tena upande wa pili. Halafu mkono unakwama. Bastola aliyoishika ni chuma cha kawaida, haiyeyuki. Inagonga nondo na kulia. Anaigeuza, anaivuta, anaendelea. Ni sekunde chache tu, na mtazamaji ameshaelewa: yeye hupita popote, silaha yake haipiti. Picha za kompyuta za T-1000 zinachukua dakika chache tu katika sinema ya dakika 137, na kila moja inakuja na kanuni mpya. Hii kwangu imeipita iliyoitangulia, tena mbali.

Top Gun: Maverick ilitoka 2022, miaka 36 baada ya ile ya kwanza. Hapa kizuizi kimewekwa ndani ya hadithi: ndege ziruke chini kabisa bondeni, muda ni dakika mbili na nusu, kisha zipande mlima ghafla. Upigaji picha nao ulikuwa na chake. Kamera sita zilifungwa ndani ya ndege ya kivita F/A-18 ya viti viwili, rubani wa jeshi la wanamaji akiwa mbele na mwigizaji nyuma. Mwongozaji Joseph Kosinski alibaki chini, hakuwa na namna ya kusimamisha onyesho hewani, kwa hiyo waigizaji waliwasha kamera wenyewe. Yale mashavu yanayovutwa chini yanavutwa kweli. Inaishinda ya 1986, ambayo nyimbo zake ni bora kuliko hadithi yake.

Avatar ni mchanganyiko. Ya 2009 ina dakika 162, The Way of Water ya 2022 ina 192. Maji yake sijayaona mahali pengine kokote. Shida ni hadithi: adui aliyekufa anarudishwa katika mwili mpya, na familia inafukuzwa makwao kama mwanzo. Jambo jingine linalowachanganya wengi ni fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwa kasi zikaonekana kama mwendo. Sinema ya kawaida huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Hii, kwenye kumbi zenye mtambo unaoweza, baadhi ya matukio yake ni ya fremu 48 na mengine ya 24. Jicho likitoka 48 kurudi 24 linahisi picha inasitasita, na ile ya 48 inafanana na mpira wa moja kwa moja kwenye televisheni. Usilalamikie mtambo wa ukumbi. Imetengenezwa hivyo.

Nyingine nazipitia haraka. Gladiator II ya 2024 inampitisha shujaa mpya kwenye njia ileile ya 2000: vita, utumwa, uwanja. Kujaza uwanja maji na papa hakumpi tatizo jipya, na anayeibeba ni Denzel Washington. Joker ya kwanza, 2019, ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 70 na kupita bilioni moja. Ya pili, 2024, iligharimu karibu milioni 200 na kuingiza kiasi kisichozidi hicho kwa mbali duniani kote, ilhali kumbi huchukua karibu nusu ya tiketi. Mtu mmoja aliyetutia shaka kama aonacho ni kweli aliwekwa mahakamani na kupewa nyimbo. Dune sihesabu, kwa sababu ni kitabu kimoja kilichokatwa katikati.

Kabla ya kutoa pesa, fanya hivi. Tafuta mwisho wa sehemu ya kwanza na utazame dakika 20 za mwisho, si muhtasari. Kama kila kitu kilifungwa pale, mwendelezo utalazimika kubomoa kitu ili uanze, na mara nyingi unabomoa kile ulichokipenda. Linganisha dakika. Zikiongezeka zaidi ya 20, uliza zinakwenda wapi, kwani mara nyingi ni kumtambulisha mtu wa sinema nyingine ijayo. Angalia pia alama ya bodi ya uainishaji wa filamu, GE (ya watu wote), PG (mtoto awe na mzazi), 16 au 18 (umri), hasa ukiwa na watoto, maana sehemu mbili za hadithi moja si lazima zipate alama moja.

Kuhusu ukumbi, IMAX, zile kumbi za skrini kubwa mno, ina maana pale tu sinema ilipopigwa kwa kamera zake au kwa picha yenye kimo kirefu iliyokusudiwa skrini hiyo. The Dark Knight ya 2008 ni ya kwanza kubwa kufanya hivyo kwa sehemu ya maonyesho yake, na picha inapopanuka juu na chini unaiona tofauti. Isipokuwa hivyo, ukumbi wa kawaida unatosha. Kaa katikati, kwenye thuluthi ya mwisho inapoanzia, kwa sababu sauti hupimwa karibu na hapo. Epuka 3D kwa sinema za giza: miwani hula zaidi ya nusu ya mwanga.

Hesabu saa pia. Sinema ya dakika 192 ikianza saa mbili na nusu usiku, ukiongeza matangazo ya robo saa, unatoka karibu saa sita, na matatu ya Rongai au Kitengela saa hizo si ya kusubiri ukiwa na watoto. Ile ya saa nane mchana inakutoa kabla ya saa kumi na mbili. Na nakala iliyoibwa kwa kamera ndani ya ukumbi usiipe hukumu yoyote. Sauti imekufa na weusi wote umekuwa kijivu.

Nimeiacha Black Panther mwisho kwa sababu inatugusa: Lupita Nyong'o yumo, na ya 2018 ilizinduliwa Afrika pale Kisumu. Ya kwanza ina dakika 134 na adui mwenye hoja inayouma, ingawa pigano lake la mwisho kwenye reli limepakwa picha za kompyuta ambazo hazijaiva. Chadwick Boseman, shujaa wake, akafariki Agosti 2020, na mwongozaji Ryan Coogler akalazimika kuiandika upya sehemu ya pili, Wakanda Forever. Kizuizi kizito zaidi ya hicho sikijui. Mazishi ya mwanzo, watu wote wamevaa nyeupe, ngoma na dansi zikilisindikiza jeneza, yanazidi chochote kilichomo katika ya kwanza. Kisha zinakuja dakika za mwanafunzi wa Marekani na mitambo yake, ambaye yuko pale kwa ajili ya hadithi nyingine, na saa ya pili inalegea. Maonyesho ya chini ya maji ni ya giza, kwa hiyo yatazame bila 3D. Kwa jumla haiifikii ya kwanza, lakini nusu yake ya mwanzo inaishinda. Majina yakianza kupita usinyanyuke: kuna kipande kifupi, Lupita yumo. Kikiisha unaweza kukimbilia matatu, hakuna kingine baada yake.