Dabingi "asilia" iliyoyeyuka kwa kiberiti: uzoefu wangu

Nina hasira na sitaificha. Kama unafunga flai, yaani chambo bandia cha mfano wa mdudu kwenye ndoano, ziwe za kuuza au za kuvulia samaki trauti mwenyewe kule mto Thiba au Mathioya, na umeona duka fulani la Nairobi likitangaza dabingi (manyoya ya kusokotea mwili wa flai) ya "sungura wa mwituni, asilia asilimia 100", tulia kwanza. Usitume pesa kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nafunga flai huku Nyeri, na kazi hii ndiyo inayolipa karo nyumbani kwangu. Majuzi, kabla mvua haijashika, nilikuwa na oda ya flai iitwayo Hare's Ear (sikio la sungura), namba 14 na 16 za ndoano, namba ikipanda ndoano inapungua, ya mteja wa Uingereza ambaye akikuta flai moja imelegea mwili, mzigo mzima anautilia shaka. Hare's Ear si flai ya kubahatisha. Mwili wake husokotwa kwa manyoya ya uso na masikio ya sungura wa mwituni wa Ulaya: vinywele vifupi, vikavu, vya madoadoa, pamoja na yale manyoya laini ya chini. Laini ndiyo yanayoshika uzi. Vile vigumu unavichokoa kwa sindano ukishamaliza kufunga, vinasimama huku na huku, na trauti akitazama anaona miguu ya mdudu. Bila vinywele hivyo huna Hare's Ear. Una kipande cha sufu kwenye ndoano.

Na sungura huyo hatumpati hapa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara za wanyamapori nayo ikafungwa. Sungura wa kufuga tunao tele na manyoya yao yana kazi zake, ila ni laini mno, hayana ule ukali. Kwa hiyo haya ya mwituni lazima yatoke nje, ndiyo maana bei yake inauma. Nililipa bila kuomba hata kupunguziwa.

Pakiti zilipofika rangi ilinifurahisha, ile kahawia ya udongo mkavu. Nikafunga ndoano kwenye jiriwa, nikapaka uzi nta, nikaanza kusokota. Manyoya halisi ukiyasokota upande mmoja hukamata uzi papo hapo, na ukiachia vidole yanabaki pale pale. Haya yalijikunjua. Kila nikiachia yanateleza kushuka kwenye uzi, mwili unakuwa mnene huku na mtupu kule. Nikaongeza nta, yakawa madonge. Nikajua kuna jambo.

Nikachomoa unyuzi mmoja nikaulaza juu ya karatasi nyeupe, nikauangalia kwa kioo cha kukuzia. Unywele wa sungura wa mwituni una rangi zaidi ya moja katika urefu wake: kijivu shinani, weusi katikati, kisha manjano iliyofifia kuelekea juu, na ncha yenyewe imechongoka. Huu niliokuwa nautazama ulikuwa rangi moja mwanzo hadi mwisho, unameremeta, na ncha zake zote mbili zimekatwa butu. Nikachomoa mwingine. Hivyo hivyo.

Nikawasha kiberiti. Hili jaribio kila mfungaji angelifanya kwenye pakiti mpya, maana halina gharama. Nywele za mnyama zikiguswa na moto hujikunja, zinanuka nywele zilizoungua, na ukizifinya zinasagika kuwa majivu. Zangu ziliyeyuka. Zilijikusanya zikawa tone jeusi, na lilipopoa likawa shanga ngumu ambayo sikuweza kuivunja kwa kucha. Nilichukua kidogo kutoka pakiti nyingine, nikapata harufu ya nywele kwa mbali, halafu shanga nyingine. Maana yake ndani mlikuwa na sungura kidogo na nyuzi za kiwandani kwa wingi, na lebo inasema asilia, asilimia 100.

Kuuziwa bandia ningeweza kukumeza. Huenda hata wao walidanganywa na aliyewauzia. Biashara ya vitu vya kutoka nje ina mikono mingi. Kilichonikaa kooni ni jinsi nilivyojibiwa.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilituma picha za zile shanga, zikaonekana zimesomwa, jibu hakuna. Nilipopata safari ya Nairobi nikapita dukani na pakiti zangu mkobani. Kijana aliyekuwa kaunta ni wa umri wa mwanangu. Hakunisalimu. Nikamwekea pakiti mezani, nikamweleza kwa upole, nikamwonyesha na ile shanga niliyokuwa nimeifunga kwenye karatasi. Hakuigusa. Macho yako kwenye simu, akaniambia, "Mathe, flai ni flai. Samaki hasomi lebo."

Nikamwambia, "Kijana wangu, samaki hasomi, lakini mimi nasoma. Na aliyeniagiza anasoma."

Akacheka. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ambayo alijua naisikia kwamba haya mambo ni mchezo wa wazungu, sisi yetu ni kufunga tu na kupeleka, tusijifanye tunajua kuliko kampuni iliyochapisha pakiti.

Kufunga tu! Ndugu zangu, trauti waliingizwa Mto Gura mwaka 1905, wakiletwa na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan. Zaidi ya karne samaki huyu yuko kwenye mito yetu, na ufundi wa kumfungia flai umepita mikono ya vizazi vya watu weusi wa nchi hii. Flai zilizofungwa Kenya zinauzwa Uingereza, zinauzwa Marekani, na mvuvi wa huko anazitupa majini bila kujua aliyezifunga ni nani. Nawajua akina mama wa huku kwetu wanaofunga namba 18 kwa mwanga wa taa ya koroboi, na ukiziweka mstari mmoja huoni tofauti ya flai na flai. Halafu mtoto aliyeajiriwa kuuza pakiti ananiambia nisijifanye najua. Nilitetemeka. Nilitoka bila kuaga, na mimi si mtu wa kutoka mahali bila kuaga.

Kuhusu lebo, hajui anachokichezea. Manyoya yanavuka mipaka, na kila mpaka una sheria. Marekani iliweka sheria ya kulinda mamalia wa baharini mwaka 1972, na manyoya ya sili, yaliyokuwa dabingi ya fahari kwenye flai za zamani za samoni, yakaingia humo. Umoja wa Ulaya nao ulibana biashara ya bidhaa za sili mwaka 2009. Ndiyo sababu leo tunatumia mbadala wa sili, na mnunuzi makini anakuuliza: mwili wa flai hii ni wa mnyama gani? Nikijibu sungura, awe sungura. Nikijibu nyuzi za kiwandani, ziwe hizo. Jina linalochafuka ni langu, duka halitajwi popote kwenye oda.

Sasa mtu atadhani nawaambia muachane na mchanganyiko mnunue asilia peke yake. Nilipokaa kuandika nilitaka kusema hivyo hasa. Lakini ukweli unanikataza, na ukweli wenyewe unaniudhi zaidi, kwa sababu dabingi bora ya mchanganyiko niliyowahi kutumia imetoka duka hilo hilo. Ni ya rangi ya zeituni, sungura wa kufuga pamoja na Antron, aina ya nyuzi za kiwandani, na pakiti inasema wazi ni mchanganyiko. Sungura anashika uzi. Antron inaleta mng'ao, kwa kuwa unyuzi wake ukiukata una pande tatu zinazorudisha mwanga, na ukizama unabeba viputo vidogo vya hewa. Gary LaFontaine, mfungaji flai wa Marekani, alijenga flai zake za kadisi, mdudu wa mtoni, juu ya jambo hilo hilo, kwa sababu mdudu yule akipanda juu kutoka chini ya mto huonekana amefunikwa na mng'ao wa hewa. Mimi nimeifunga, wateja wameirudia oda. Inasokoteka haraka, haina mafundo, rangi ya pakiti hii ni rangi ya pakiti ile. Ukifunga kwa dazeni, hilo la rangi ni kubwa, maana ngozi halisi hazifanani hata siku moja.

Tena kuchanganya si ulaghai wa juzi. Tup's Indispensable ya R. S. Austin, flai ya Uingereza yenye zaidi ya miaka 100, mwili wake ulikuwa sufu ya pumbu la kondoo dume iliyochanganywa na manyoya mengine, na mchanganyiko huo ulitunzwa kama siri. Mzee yule alichanganya kwa sababu alijua anatafuta rangi gani majini. Hawa wangu walichanganya ili kilo ya sungura igeuke kilo nyingi.

Kwa flai kavu, zile za kuelea, bado mimi ni mtu wa asilia. Manyoya ya chini ya wanyama wa majini, biva au maskrati, ni mafupi, yamesongamana, na maji hayayapendi. Flai ya Adams, iliyobuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922 na Leonard Halladay, ina mwili wa maskrati wa kijivu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuubadilisha. Ingawa, niwe mkweli, nyuzi laini za kiwandani nazo hazinyonyi maji na zinaelea vizuri, na siwezi kumlaumu anayezitumia. Mimi sizipendi tu zinavyojisikia vidoleni.

Oda ya Uingereza niliimaliza, msidhani niliiacha. Mfungaji mwenzangu wa Karatina aliniuzia nyuso nzima za sungura wa mwituni, zikiwa bado na ngozi, za kutoka nje. Nilikata vinywele vya masikio na vya mashavuni nikavitia kwenye chupa ya jamu pamoja na manyoya laini ya chini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Ukifunga kifuniko ukatikisa kwa nguvu, vinachanganyika vyenyewe bila kukatika, tofauti na mashine ya kusagia kahawa ambayo huvifupisha. Nikachuja, nikakamua, nikaanika juu ya gazeti. Kesho yake nilikuwa na dabingi ambayo nikiichokoa kwa kijiti chenye velkro inasimama yenyewe. Huo ndio ushauri wangu kwa anayetaka asilia: nunua uso mzima wenye ngozi. Hakuna atakayekushonea plastiki kwenye ngozi ya sungura.

Duka hilo nalipatia nyota moja. Ile zeituni peke yake ingestahili nne, pengine tano, na nimejaribu kuzigawanya katikati ili niwatendee haki. Nikikumbuka kile kicheko, inarudi kuwa moja. Baadaye walinitumia ujumbe kwamba watanipa punguzo kwenye ununuzi ujao. Sikuomba punguzo. Nimeomba warudishe pesa ya bidhaa ambayo si ile iliyoandikwa, waitoe ile lebo kwenye rafu, na yule kijana aniombe radhi, si kwa sababu mimi ni mteja, ila kwa sababu alinidharau mbele ya watu nikiwa nimemwendea na adabu zangu.

Zeituni ikiisha nitaagiza tena, kwa sababu sijapata nyingine kama hiyo. Nitamtuma mtoto wa dada yangu akainunue, na atakwenda na kiberiti mfukoni.