Chumba cha kusomea nyaraka za kaunti: wahudumu nyota tano, katalogi nyota mbili

Wadau wa historia, hii ni rivyuu ya hifadhi ya nyaraka ya kaunti moja kule Uingereza. Jina naliacha kwa sababu nina malalamiko, na wale wahudumu walinisaidia sana sitaki waitwe ofisini kujieleza kwa ajili yangu.

Kilichonipeleka ni makaratasi ya koo za wenye mashamba. Mabwana wa mashamba wa karne ya 16 na 17 walikuwa hawatupi kitu, hati za ardhi, risiti, barua za madeni, na katikati ya hayo yote unakuta maandiko ya siasa yaliyonakiliwa kwa mkono, hotuba za bungeni, barua za kumshauri mfalme, vijitabu ambavyo hakuna mchapaji mwenye akili timamu angevigusa. Uchapaji ulikuwa umebanwa haswa, chama cha wachapaji wa London kilipewa hati ya kifalme 1557, halafu 1586 mahakama ya Star Chamber ikakaza zaidi, kitabu mpaka kikaguliwe. Na adhabu haikuwa ya mdomo. John Stubbs alichapisha kijitabu 1579 cha kumpinga Malkia Elizabeth asiolewe na Duke wa Anjou wa Ufaransa, akakatwa mkono wa kulia. Wakati huohuo Philip Sidney, mshairi wa pale ikulu, akamwandikia Malkia barua ya kupinga ndoa hiyohiyo, hakuichapisha, ikazunguka kwa kunakiliwa tu, na mkono wake akabaki nao! Sasa hapo unaanza kuelewa kwa nini kalamu ilipendwa.

Kujiandikisha ni bure, unakuja na kitambulisho na kitu chenye anwani yako, kadi inatoka hapohapo. Begi na koti vinaingia loka, kalamu ya wino hairuhusiwi kabisa, ni penseli, na laptopu ukiwa nayo. Karatasi inaletwa kwenye boksi, unawekewa mito ya sponji na zile kamba nzito za kubana kurasa, na ukianza kuegemea meza vibaya mtu anakuja taratibu kukurekebisha, hana kelele wala dharau. Huduma ya mezani sina la kusema. Mahali nilipokwama kwenye ufupisho wa maneno (waandishi wa zamani walikuwa wanakata maneno halafu wanapiga kistari juu, we jijue) mama wa zamu akasoma kama anasoma gazeti, akanionyesha na yale masomo ya bure ya mwandiko wa kale yaliyoko mtandaoni ya National Archives, hifadhi ya taifa iliyoko Kew, London. Yafanyeni kabla hamjaenda, jamani, mwandiko ule wa kikarani wa enzi hizo herufi c inafanana na r na e inaandikwa imegeuka, bila mazoezi utakaa siku nzima unaangalia michirizi.

Haya, katalogi. Hapa ndo hasira zangu zilipo. Unatafuta jina la mbunge, hakuna, unatafuta neno hotuba, hakuna, kumbe vitu vyenyewe vimelala chini ya maelezo kama "karatasi mbalimbali, karne ya 17, fungu moja". Basi! Fungu moja la unene wa tofali. Nikaomba lile fungu kwa kubahatisha na ndani yake kulikuwa na uhondo ambao ningekuwa mtu wa kuamini katalogi ningerudi nyumbani bila kuuona. Najua sababu, waliopanga makaratasi haya zamani walithamini hati ya ardhi na barua yenye saini ya mtu mkubwa, na nakala ya hotuba wakaiona ni kopi tu, si ya mhusika mwenyewe, itupwe na mengineyo. Mimi nasema wamekosea kabisa, maana thamani ya kopi ile ni nyumba iliyokutwa. Hotuba yenyewe tunaijua tayari, tusichokijua ni kwamba bwana fulani wa shambani, mbali na London, aliitafuta, akaisoma, akaona hii naiweka.

Karatasi iliyonishika zaidi ni ya maazimio matatu ya Bunge, yale ya siku ambayo spika John Finch alitaka kuahirisha kikao kwa amri ya Mfalme Charles wa Kwanza, akina Denzil Holles na Benjamin Valentine wakamkandamiza kwenye kiti chake mpaka maazimio yaliposomwa: anayeleta mageuzi ya dini, anayeshauri ushuru wa forodha utozwe bila idhini ya Bunge, na hata mfanyabiashara anayekubali kuulipa, wote ni maadui wa nchi. Imekunjwa mpaka inaenea kiganjani, upande uliokuwa nje umepiga weusi wa vumbi na kuna kichwa cha habari kimeandikwa hapo ili mtu aitambue bila kuikunjua. Ndani mwandiko unaanza wa fundi kabisa, mistari imenyooka, halafu chini unabadilika unakuwa wa mtu mwenye haraka, mstari mmoja umeandikwa mara mbili ukakatwa. Wino umekula karatasi kwenye herufi zilizoshindiliwa, ule wino wa chuma una tabia hiyo. Na tarehe imeandikwa 2 Machi 1628 wakati tukio ni la 1629! Msibabaike, kwao mwaka ulikuwa unaanza 25 Machi, mpaka 1752 ndo wakabadilisha. Mbunge John Eliot aliyeongoza fujo ile alifia gerezani kwenye Mnara wa London 1632, na huku kopi zinaendelea kutembea.

Chini yake kulikuwa na kijitabu kimoja cha kumfundisha mfalme jinsi ya kulitia Bunge lijamu. Kiliandikwa 1614 na Robert Dudley, Mwingereza aliyekuwa akiishi Florence, Italia, watu wamekisahau, 1629 kikaibuka upya kwa mkono, kila mtu anadhani ni mpango wa serikali ya wakati huo, serikali ikachachamaa na kufuatilia kopi zinatoka wapi mpaka wakafika maktaba ya Robert Cotton, mkusanyaji mkubwa wa nyaraka za kale, wakaifunga. Cotton alikufa 1631 hajarudishiwa. Karatasi iliyofunga maktaba nzima, na mimi naisoma kwenye fungu la "mbalimbali", si uonevu huu?

Kopi nyingine huko London zilikuwa biashara kabisa. Kuna mwandishi mmoja wa kulipwa ambaye wataalamu wamemtambua kwa mwandiko tu wakampa jina la utani la Feathery, kazi zake zilizopatikana zinapita 100. Kwenye fungu langu hayumo, au mimi sikumwona.

Mengine madogomadogo: kibali cha kupiga picha kinalipiwa kwa siku, si bei ya kuua ila kaa ukijua, na flashi marufuku. Waifai inakuja inaenda. Mchana wanafunga kwa ajili ya chakula na wewe unatoka nje hata kama uko katikati ya sentensi, hiyo iliniudhi. Boksi mengine yako ghala la mbali, kwa hiyo agiza siku kadhaa kabla kwa barua pepe, na kwenye hiyo barua pepe usiulize "mna vijitabu vya siasa?" maana watakujibu kwa kuangalia katalogi ileile. Uliza makaratasi ya ukoo gani yana mafungu ya karne ya 17 ambayo hayajaorodheshwa karatasi kwa karatasi. Hapo watakuletea kitu.