Hadubini ya infraredi: nyota nne, ya tano imeliwa na chupa tupu

Nilipeleka kipande cha kimondo cha Thika, kile kilichoanguka Kenya Julai 2011. Hakizidi ukucha wa kidole gumba. Maabara ni ya chuo kimoja huku Ujerumani. Unalipia kwa saa, unapewa mashine na fundi wake.

Uzuri wake ni kwamba jiwe linatoka lilivyoingia. Hakuna kusaga wala asidi. Unatafuta chembe kwa macho kama kwenye hadubini ya kawaida, unabana dirisha hadi mikromita 30 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unashuka, unadunda na kurudi, na mashine inachora grafu ya mwanga uliorudi kwa kila urefu wa wimbi. Chembe yangu ya kwanza ilitoa kilele kwenye wimbi la karibu mikromita 11: olivini, madini ya magnesiamu, chuma na silika. Nikasogeza jukwaa kidogo tu. Jirani yake, kijivu kilekile machoni, akachora grafu nyingine kabisa: piroksini, madini mengine ya silika. Tena olivini ikiongezeka chuma, vilele vyake huhamia kwenye mawimbi marefu zaidi, kwa hiyo hata chuma unakikadiria bila kugusa kitu. Kifaa cha MERTIS kilichomo ndani ya chombo cha anga cha BepiColombo kimeundwa kuipima sayari ya Utaridi kwenye mikromita 7 hadi 14, na bila grafu za maabara kama hizi, data zake zingekuwa mafumbo matupu.

Sasa kero. Kihisi, kile kinachopokea mwanga unaorudi, lazima kipozwe kwa nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na siku hiyo chupa ilikuwa tupu. Saa nzima tumekaa tunatazamana, na mita ya malipo inakwenda! Ilipojazwa, fundi akafungua kisanduku, akaweka sampuli, akapima palepale. Grafu ikaota miiba kati ya mikromita 5 na 7: mvuke wa maji, pumzi zetu zikiwemo. Angeacha hewa kavu ipulize kwanza.

Kosa jingine ni langu. Kipande nilikishika kwa epoksi, ikapenya kwenye nyufa, vilele vikachomoza karibu na mikromita 3.4. Nusura nimpigie msimamizi wangu simu kwamba nimepata kaboni ya angani, kumbe gundi.

Chembe za chini ya mikromita 10 usihangaike nazo. Wimbi lenyewe ni kubwa kama hizo. Na wewe uliyeniuliza kama inafaa kupima hapa kipande cha Mbozi, kile kimondo cha Tanzania: ndugu yangu, kile ni chuma. Chuma hudundisha karibu mwanga wote bila vilele; utalipa ujitazame kwenye kioo.

Nimeshaweka nafasi tena mwezi ujao. Safari hii nimeandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa: CHUPA IJAZWE KABLA SIJAFIKA.