Pasi ya misumari au kijiko cha bustanini?

Huku Mbeya mwezi wa sita baridi inauma kweli, bibi alikua anatupigia sare na pasi ya mkaa asubuhi tunavaa zikiwa bado za moto, ndo maana pasi ya msanii Man Ray ya 1921 imenigusa kuliko ile sanamu ya kijiko iliyoko Minneapolis kule Marekani. Jamaa alichukua pasi ya kawaida akabandika vimisumari 14 chini akaiita Zawadi, yani kitu cha kunyoosha nguo kikawa cha kuzichana! Nikiiangalia mwili unasisimka. Kijiko hicho cha msanii Oldenburg na mkewe van Bruggen kiko kwenye bustani ya sanamu huko tangu 1988, kikubwa mno, kina cheri nyekundu juu, kizuri, watoto watakipenda. Ila pasi aisee, hiyo ningeiweka sebuleni kwa bibi pale Uyole.