Laxton na Wharram Percy: parokia mbili, hatima mbili za ardhi

Ukitaka kuelewa ardhi ya kijijini Uingereza, anza na parokia hizi mbili, yaani kijiji na ardhi yake chini ya kanisa moja.

Laxton, Nottinghamshire, ina udongo mzito wa mfinyanzi, na mpaka leo inalima kwa mtindo wa enzi za kati. Mashamba makubwa ni matatu, hayana ua wala uzio ndani yake, na kila mkulima ana vipande vyake virefu humo. Moja hupandwa ngano, la pili nafaka ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza la wakulima hulizunguka shamba la ngano kwa miguu. Aliyelima akaingia kwenye njia ya majani hupigiwa kigingi palepale, na faini humfuata. Ramani ya Laxton ya 1635 inaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja. Hili linanigusa sana: mpaka unalindwa na majirani wenyewe.

Wharram Percy iko Yorkshire, bondeni kati ya vilima vya chokaa, penye chemchemi. Huko kondoo walishinda. Sufu ililipa kuliko nafaka, na kufikia karibu 1500 familia za mwisho zilikuwa zimeondolewa. Wanaakiolojia walichimba hapo 1950 hadi 1990. Kilichosimama ni kanisa la Mtakatifu Martin, halina paa, na matuta ya nyasi palipokuwa na nyumba.

Kwa kujifunza kilimo, nenda Laxton. Kwa kuona gharama ya kunyang'anywa ardhi, Wharram Percy.