Ukumbi ulioita michango yetu hela ya kuokoteza

Hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki kadhaa sasa na nimeona nisipolisema nitaumwa. Jina la ukumbi silitaji kwa sababu baba mdogo amekataza mpaka hela yetu iishe kurudi, ila ni hapa hapa Mbeya mjini na wengi wenu mmeshakula sherehe pale. Hata mimi nimeshakula. Niliwahi kwenda pale kwenye sendofu ya rafiki yangu na nikatoka nimeshajisemea yangu itakuwa hapa hapa, taa nzuri, vyoo visafi, maji yanatoka, umeme ukikatika jenereta linawaka MC hata hajashusha maiki. Hayo ni kweli na siwezi kuyageuza eti kwa sababu nina hasira. Kwa jengo tu ningewapa nyota nne.

Sisi tulichukua tarehe ya harusi yetu mapema, kabla ya Kwaresima, maana huku kila mtu anajua Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, sa Pasaka ikishapita tu harusi zinamwagika, kila Jumamosi misafara mitatu minne na matarumbeta barabarani kuanzia Uyole mpaka Mafiati, ukichelewa ukumbi hupati. Bei 1,200,000. Tukatoa advansi 500,000 siku ile ile, kamati ilivyoanza kukusanya tukapeleka 300,000, halafu 200,000, ikabaki laki mbili ambayo wenyewe walituambia tuimalizie wiki ya shughuli. Kila tukipeleka tunapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, advansi ya ukumbi, sahihi, basi. Tarehe ya shughuli haikuandikwa hata kwenye risiti moja na sisi hatukuuliza. Hapo tulikosea, nakubali, na wewe unayesoma kama una harusi mbele yako nenda kaangalie risiti zako leo.

Jumanne ya wiki yenyewe nikaenda na dada mpambaji apime jukwaa. Tunakuta vijana wanapanga meza za semina, bango limeshafungwa mbele. Nikadhani ni ya siku mbili inaisha, wala sikushtuka, nikawa namwonyesha mpambaji keki itakaa wapi na wazazi watakaa wapi. Ni mlinzi mmoja mzee ndo akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, mwanangu, si nyie wenye harusi Jumamosi hii? Mbona hawa wamelipia mpaka Jumapili?

Miguu iliisha nguvu. Siku nne. Na hakuna mtu aliyetupigia simu, kama nisingeenda na mpambaji tungekuja kujua Jumamosi tumevaa shela na suti.

Nikampigia mchumba wangu akaja kutoka kazini Iyunga, baba mdogo akaja kutoka Sae na daftari lake, maana yeye ndo alikuwa mweka hazina wa kamati. Tukaingia watatu ofisini kwa meneja. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndo pana habari yote. Baba mdogo ana miaka 63, kichwa chote mvi. Yule meneja ni kijana wa rika langu. Hakuinuka, hakuamkia, shikamoo haikutoka mdomoni kwake, alikuwa anakula chipsi mayai mkono mmoja na simu mkono wa pili. Baba mdogo ndo akaanza kumsalimia yeye, habari za kazi mwanangu, akafungua daftari akaanza kumsomea malipo moja moja kwa sauti ya upole kabisa. Jamaa akamkatisha. Akasema, namnukuu kwa sababu nimeyasikia haya maneno kila usiku tangu siku ile: "Mzee, hela yenu imekuja vipande vipande, leo laki tatu kesho laki mbili, hiyo ni hela ya kuokoteza. Wenzenu wameleta yote kwa siku moja. Mi nafanya biashara."

Kuokoteza!

Jamani. Kama angeniambia tarehe zimegongana, ningelia lakini ningeelewa, watu wanakosea. Kama angeniambia bosi wake ndo kaamua, ningeelewa. Ila lile neno alilisema mbele ya baba mdogo, na lile daftari liko wazi mezani na majina ya watu yanaonekana. Kuna jina la bibi yangu wa Tukuyu. Bibi aliuza ndizi, mikungu sijui mingapi, akaja nayo mwenyewe elfu 20 imefungwa kwenye ncha ya kitenge, akalifungua lile fundo mbele ya kikao akaihesabu mara mbili akampa baba mdogo kwa mikono miwili. Kuna kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, 10,000, hana undugu na sisi hata kidogo, ni kwamba namsalimia kila asubuhi. Kuna walimu wenzangu wamechukua kadi za singo 50,000 kila mmoja na mshahara wenyewe tunaujua. Kuna mama mmoja wa sokoni Mwanjelwa alileta 5,000, wiki inayofuata akaleta 5,000 nyingine, akaniambia dada nisamehe biashara imekuwa ngumu. Hizo ndo laki tatu na laki mbili anazozisema. Harusi za huku karibu zote zinatoka hivo, vikao kila Jumapili jioni, ahadi, kukumbushana kwenye simu, mtu anapunguza kwake ili wewe uolewe na heshima. Yeye mwenyewe akioa watu watamchangia, au wazazi wake walichangiwa. Ameokotwa wapi huyu ambaye hajui?

Baba mdogo alifunga daftari polepole. Hakusema kitu. Nilimwona mkono unamtetemeka.

Halafu eti suluhisho, sogezeni wiki moja mbele, Jumamosi ijayo niko wazi. Kama vile ndoa ni kusogeza kiti. Kanisani matangazo yameshasomwa Jumapili tatu, taarifa ya ndoa yenyewe kisheria ni siku 21 kabla na tulishaipeleka zamani, mchungaji Jumamosi inayofuata ana ndoa nyingine. Upande wa mume wangu wanatoka Iringa, walishalipia Costa, zaidi ya kilomita 300 hizo, watu wameomba ruhusa makazini. Shangazi yake wa Dar alikuwa ameshakata tiketi ya Alhamisi. Kadi 180 zimeshagawiwa na jina la ukumbi limeandikwa kwa dhahabu. Nikamwambia hayo yote huku nalia, akaniangalia akasema dada mbona harusi hata nyumbani inafanyika.

Na mchumba wangu kakaa kimya muda wote. Hilo nalo liliniuma, siwezi kuficha. Tulipotoka nikamwambia nje pale pale, hata neno moja umeshindwa? Akasema angefungua mdomo angempiga na Jumamosi ningeolewa na mahabusu. Sikutaka kumsikia. Usiku ule tulizimiana simu, mama akakesha anatupigia huyu na huyu, na kama si yeye sijui kama ningekuwa naandika hapa nikimwita mume wangu.

Jumatano asubuhi ni yule yule mzee mlinzi akampigia baba mdogo, sijui namba aliitoa wapi, akasema kuna shule upande wa Uyole, bwalo ni kubwa na wanafunzi wamefunga, nendeni mkaongee na mkuu. Tukaenda. Mkuu wa shule mama mtu mzima akatusikiliza mpaka mwisho, akasema lipeni ya usafi na umeme tu, ila pombe hapana, hapa ni shule. Wajomba wa upande wa mume walinuna kidogo kuhusu bia, yakaisha. Akina mama wa jumuiya wakapiga deki Alhamisi na Ijumaa, maji ya baridi, na mnaijua baridi ya Mbeya miezi hii ilivyo, mikono inakufa ganzi. Walimwaga dawa, wakachoma ubani, na bado ukiingia unasikia harufu ya maharage ya miaka yote. Vioo vya upande mmoja vimevunjika. Mama mkwe wangu alikaa meza kuu amejifunika blanketi juu ya gauni lake la krimu alilolishonesha miezi miwili, na aliponiona namwangalia akanisalimia kikwao, kamwene mwanangu, cheka, leo ni siku yako. Nililia upya.

Mpambaji alijitahidi sana, vitambaa vya ukumbi mdogo alivitandaza kwenye bwalo la watu mia tano. Ila ukutani kuna ratiba ya chakula imeandikwa kwa rangi ya mafuta, haifutiki, akaifunika, na kitambaa kikaanguka upande mmoja wakati wa keki. Kwenye picha yangu ya kukata keki nyuma ya kichwa cha mume wangu inasomeka Ijumaa wali maharage. Watu wananiambia mbona imependeza, utaizoea. Sitaki kuizoea. Nilishalipia ukuta mwingine.

Nilivyoanza kuandika nilitaka niseme hivi: ukumbi mzuri, uongozi mbovu, kama una hela yote mkononi kwa mara moja nenda. Nimeshaifuta hiyo sentensi. Usiende hata kama unayo. Maana akija mwenye zaidi yako kidogo, na wewe utakuwa mwokotezaji. Nyota nne za jengo naziondoa, nyota moja ni ya mlinzi peke yake na naomba wasije wakajua ni nani wakamfukuza.

Kuhusu hela sasa. Ile ile waliyosema imekuja vipande vipande, wao wameirudisha kwanza 200,000, halafu 150,000, halafu 300,000, na kila mara baba mdogo anapanda daladala kutoka Sae kuifuata na anaandika kwenye daftari lile lile ukurasa wa nyuma. Imebaki 350,000. Wiki iliyopita walimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu tunaenda watatu tena, na mume wangu ameshaniambia safari hii ataongea yeye.