Masomo ya jioni ya kemia Tabora: majaribio mazuri, notsi za kusahihishwa

Nimehudhuria kwa majuma sita kituo cha masomo ya jioni kilicho karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Madawati yanatosha na ada inalipika.

Kilichonivutia ni kipindi cha kuvunja molekuli kubwa za mafuta. Mwalimu aliweka pamba iliyoloweshwa parafini kwenye kitako cha neli ya kioo, akapanga vipande vya kigae katikati, kisha akavipasha moto hadi mapovu ya gesi yakaanza kupanda kutoka kwenye mrija uliounganishwa na neli na kuzamishwa majini. Gesi ile ilipotikiswa pamoja na maji ya bromini, rangi ya machungwa ilipotea mbele ya macho yetu, ishara kwamba molekuli zilikuwa zimevunjika. Kabla ya kuzima moto aliutoa kwanza mrija majini, akieleza kwamba neli ikianza kupoa huvuta maji, nayo yakifika kwenye kioo cha moto hukipasua. Uangalifu wa namna hiyo ni adimu, na ninamshukuru kwa dhati.

Kasoro imo katika notsi zinazouzwa pale, ambazo zinaonesha mshale mmoja kutoka mchanga wenye lami wa Alberta, Kanada, hadi kwenye mtambo wa kichocheo, yaani mtambo unaovunja molekuli za mafuta kwa msaada wa dutu inayoharakisha mmenyuko. Mshale huo unapotosha. Lami ile, hata baada ya kutenganishwa na mchanga kwa maji ya moto, ina salfa nyingi pamoja na nikeli na vanadi, metali ambazo hujishika kwenye zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo yaliyomo katika kichocheo, na kuiharibu, na molekuli zake nzito huacha kaboni nyingi juu ya kichocheo. Ndiyo maana kwa kawaida huvunjwa kwanza kwa joto kali, au kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa, na sehemu iliyopungua uzito ndiyo hupelekwa kwenye kichocheo, penye nyuzijoto zaidi ya 500 za Selsiasi. Unga wa kichocheo hukutana na mvuke wa mafuta kwa sekunde chache tu, kisha huhamia chumba cha pili ambamo kaboni iliyoushika huchomwa, nao hurudi ukiwa umebeba joto linaloendesha kazi yote.

Nilimweleza mwalimu baada ya kipindi, akanisikiliza kwa heshima na kuusahihisha mchoro ubaoni juma lililofuata. Notsi zilizochapwa, hata hivyo, bado zina mshale uleule, kwa hiyo atakayezinunua anakili mchoro wa ubaoni, na kwenye majaribio awahi meza ya mbele, maana mapovu hayaonekani kutoka nyuma.